Umeambiwa una uvimbe kwenye ini: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa aliyetoka kupimwa Moshi au Arusha

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niambie ukweli tu, nimebakiza muda gani?"

Alikuwa mama wa Kibosho, muuza ndizi soko la Mbuyuni. Mkononi ameshika bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne, na ndani yake karatasi yenye mstari mmoja: uvimbe kwenye ini, upande wa kulia, sentimita 2.8, unatia shaka. Basi. Wiki tatu alikaa na karatasi ile. Chakula kilikuwa hakipiti, ng'ombe wa maziwa ameshauzwa ili zipatikane fedha za kwenda kutibiwa Dar es Salaam, na wanawe wameanza kuulizana kihamba, yaani shamba la ukoo, kitabaki kwa nani.

Ripoti ile niliiandika mimi.

Uvimbe wenyewe ulikuja kuonekana kuwa hemanjioma, yaani kifundo cha vimishipa vya damu ambacho mtu anaweza kukaa nacho miaka themanini bila kukijua. Haukuhitaji dawa, kisu, wala safari ya Dar. Kuuona sikukosea. Nilikosea kuandika "unatia shaka" kabla sijamuuliza mama yule swali hata moja kuhusu ini lake.

Kazi yangu ni ultrasaundi, hapa hapa Moshi, na tangu siku ile nina kanuni moja ambayo nataka na wewe uishike: usianze na uvimbe, anza na ini. Uvimbe wa sentimita 3 kwenye ini zima la mama wa miaka 35 na uvimbe wa sentimita 3 kwenye ini lenye makovu la baba mwenye homa ya ini B ni vitu viwili tofauti kabisa, hata kama kwenye skrini vinafanana kama mapacha. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya hilo.

Kwanza, yasiyongoja

Ukipata maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kulia, jasho jembamba, kizunguzungu au kuzimia, na unajua una uvimbe kwenye ini, usisubiri kesho. Uvimbe unaweza kuwa umepasuka na damu inavuja tumboni. Nenda hospitali iliyo karibu yenye chumba cha upasuaji na benki ya damu, usiku huo huo. Vilevile homa kali ikiambatana na maumivu ya ini inaweza kuwa jipu, mara nyingi la amiba, na jipu lina dawa yake na linapona vizuri likiwahiwa. Macho kuwa ya njano, tumbo kujaa maji, kukonda haraka bila sababu: hayo nayo ni ya wiki hii, si ya mwezi ujao.

Kama huna lolote kati ya hayo, vuta pumzi. Una muda wa kufanya mambo kwa mpangilio.

Hatua ya 1: Isome ripoti, na irudishe kama ina pengo

Vimbe nyingi za ini hugunduliwa kwa bahati. Mtu amekuja kwa vidonda vya tumbo, au mama ni mjamzito, au ni uchunguzi wa kazi, nasi tukipitisha kifaa chini ya mbavu tunakuta kitu. Kwa hiyo ripoti nyingi huandikwa haraka, kwa sababu swali la siku hiyo lilikuwa jingine.

Ripoti inayofaa inapaswa kukuambia: vimbe ni ngapi, ukubwa wa kila mmoja kwa sentimita, uko sehemu gani ya ini, kingo zake zimenyooka au zimechakaa, na rangi yake kwenye picha. Rangi ni muhimu. Mweusi kabisa kama usiku, wenye ukuta mwembamba, ni maji, na huo karibu kila mara ni kifuko cha kawaida cha kuzaliwa nacho. Mweupe unaong'aa, wa duara, kingo safi, chini ya sentimita 3: hiyo ndiyo sura ya hemanjioma. Wa kijivu unaofanana na ini lenyewe ndio unaotuumiza vichwa, maana unaweza kuwa chochote.

Kisha tafuta maelezo ambayo wengi hatuyaandiki: ini lililobaki likoje? Laini au lenye mikwaruzo? Lina mafuta? Ukingo wake umenyooka au una vinundu? Bandama imekua? Mshipa mkubwa wa lango, ule unaoleta damu ya matumbo kwenye ini, uko wazi? Kuna maji tumboni? Kama ripoti yako imenyamaza juu ya haya, rudi ukaombe yaandikwe. Ni haki yako, na kwa mtu anayeipenda kazi yake si usumbufu.

Jambo dogo la kukumbuka: ukienda kurudia ultrasaundi ya tumbo, usile kwa saa sita kabla. Kifuko cha nyongo kinakuwa kimejaa, gesi inapungua, na ini linaonekana vizuri. Wengi hupitia chai na chapati njiani, halafu picha inatoka kama imepigwa kwenye ukungu wa Marangu.

Hatua ya 2: Liulize ini

Hapa ndipo pa kukaa, na hapa ndipo pesa kidogo hununua majibu makubwa.

Kipimo cha kwanza ni cha homa ya ini B. Ni tone la damu na dakika chache, na hospitali nyingi, hata za wilaya, wanacho. Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo ukizaliwa kabla ya hapo, na hujawahi kuchanjwa ukubwani, hukupata kinga ile. Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka thelathini bila kuuma popote. Ubaya wake ni kwamba vinaweza kuleta saratani ya ini hata kabla ini halijaingia makovu, yaani hata kwa mtu anayeonekana mzima wa afya. Pima na homa ya ini C, halafu VVU kama hujui hali yako.

Kipimo cha pili ni utendaji wa ini: vimeng'enya vya ALT na AST, nyongo, albumini, pamoja na muda wa damu kuganda na picha kamili ya damu ili kuona chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Mtu mwenye uvimbe usio saratani, ini zima, mara nyingi vipimo hivi vyote hurudi vya kawaida. Chembe sahani zikiwa chini na bandama imekua, ini lina shida ya muda mrefu hata kama hukuwahi kuugua.

Cha tatu ni alfa-fetoprotini, herufi AFP kwenye fomu. Ikiwa juu sana inaelekeza kwenye saratani. Ikiwa ya kawaida haikusafishi, kwa sababu saratani nyingi za ini, hasa zikiwa bado ndogo, haziipandishi. Nimeona watu wakisherehekea AFP ya kawaida na kuishia hapo. Usiishie hapo.

Halafu jibu kwa ukweli utakapoulizwa maswali. Pombe: kiasi gani, mara ngapi, miaka mingapi? Usimwambie daktari "kidogo kidogo" kama ni mbege kila jioni na konyagi mwisho wa wiki. Mbege haileti hemanjioma, lakini makovu ya pombe hubadilisha maana ya kila uvimbe. Mahindi na karanga za nyumbani huhifadhiwaje? Sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini B. Umewahi kutibiwa saratani nyingine, ya matiti au ya utumbo mpana? Kama ndiyo, uvimbe wowote mpya kwenye ini utazamwe kwa jicho jingine hadi ithibitike vinginevyo. Vidonge vya uzazi wa mpango? Sindano za kujaza misuli kwa vijana wa jimu? Dawa za kienyeji?

Kosa la upande wa pili nalo nimelishuhudia. Baba mmoja, fundi wa magari, alifika akiwa na ripoti ya mahali pengine: doa jeupe, sentimita 2, "hemanjioma, usijali". Hakuna aliyempima homa ya ini B. Nilipomwona miezi minane baadaye lile doa lilikuwa na ndugu zake watatu na mshipa wa lango umeziba. Alikuwa na virusi vya B tangu utoto. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu "usijali" wala "jali sana" kabla ya majibu ya damu.

Ukikutwa na B, usikate tamaa na usifiche. Kuna dawa za kuvidhibiti virusi, kuna ufuatiliaji wa ultrasaundi kila miezi 6 kwa walio hatarini, na mwenzi wako na watoto wapimwe. Wasio navyo wachanjwe dozi tatu.

Hatua ya 3: Picha yenye dawa

Mtu mwenye ini zima, vipimo safi, hana historia ya saratani, na doa jeupe la duara chini ya sentimita 3, mara nyingi ultrasaundi inamtosha. Wengine wote, yaani uvimbe mkubwa, wa kijivu, vimbe nyingi, au ini lenye ugonjwa, wanahitaji CT skani au MRI kwa dawa ya picha.

Hapa nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu ukielewa hili utajua kama pesa yako imenunua kipimo kinachojibu swali.

Fikiria kihamba chenye mifongo miwili, yaani mifereji ya maji. Mfongo mkubwa ndio mshipa wa lango; unatoka kwenye matumbo na unaleta karibu robo tatu ya damu yote ya ini. Mdogo ni ateri, unaleta robo iliyobaki. Ini lenyewe hunywa zaidi kwenye mfongo mkubwa. Vimbe nyingi, za heri na za shari, hunywa kwenye ule mdogo. Dawa ikichomwa mkononi hufika kwanza kupitia ateri, kama nusu dakika baadaye. Sekunde ya 70 hivi imejaa kupitia mfongo mkubwa. Dakika ya 3 hadi ya 5 inaanza kuondoka. Picha hupigwa katika nyakati hizo tatu, na kila uvimbe una tabia yake ya kunywa.

Hemanjioma ni kama shimo kandokando ya mfongo. Dawa huonekana kwanza kwenye kingo, vimadoa vimadoa vyenye kung'aa kama damu ya mshipa wenyewe, kisha hujaa polepole kuelekea katikati. Ukiona tabia hiyo, maneno yameisha. Saratani ya ini iliyoanzia hapo hapo huwaka mapema, halafu hufifia na kuwa nyeusi kuliko ini linaloizunguka. Uvimbe wenye kovu katikati, ule unaoandikwa FNH, huwaka wote kwa pamoja isipokuwa kovu lake, kisha hulingana na ini kana kwamba haupo. Adenoma, uvimbe wa nadra nitakaoueleza kwenye Hatua ya 4, nayo huwaka, lakini haina tabia moja ya kudumu. Ndiyo sababu mara nyingi huhitaji MRI.

Sasa basi, ukienda kwenye CT, uliza kabla ya kulipa: "Ini langu litapigwa kwa awamu tatu?" CT ya tumbo ya kawaida mara nyingi hupigwa awamu moja tu, na kwa uvimbe wa ini hiyo ni sawa na kutazama mpira kwa dakika moja halafu kutangaza matokeo. Hakikisha pia fomu ya daktari imeandika wazi kwamba kinachotafutwa ni uvimbe wa ini, si "maumivu ya tumbo".

Kabla ya sindano, pima kreatinini ili figo zijulikane. Sema kama uliwahi kuvimba au kubanwa na kifua baada ya dawa ya picha. Sema kama unatumia metformin ya kisukari. Sema kama una mimba au hujaona siku zako. Kwa mjamzito tunabaki na ultrasaundi, na MRI bila dawa kama lazima. Dawa ikiingia utasikia joto likishuka kutoka kooni hadi kiunoni, wengine huhisi kama wamejikojolea. Hujajikojolea. Inaisha ndani ya dakika.

Mpangilio wa huku kwetu ni huu: hospitali za rufaa za mkoa ni Mawenzi kwa Moshi na Mount Meru kwa Arusha, na juu yake ni KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda, ambayo imekuwepo tangu 1971. Piga simu au tuma mtu aulize kama mashine inafanya kazi na daktari wa mionzi yupo, kabla hujapanda basi kutoka Karatu au Rombo. Mwenye bima aulize mapema kama kipimo kinahitaji kibali.

Hatua ya 4: Ujue ni upi, maana kila mmoja una njia yake

Hemanjioma. Ndiyo inayoongoza kwa wingi kati ya vimbe zisizo saratani, na hupatikana zaidi kwa wanawake. Haigeuki saratani. Ikishathibitishwa, haina dawa na haihitaji dawa. Unaweza kubeba mimba, unaweza kutumia vidonge vya uzazi, unaweza kulima na kubeba ndoo. Hata kurudiarudia picha si lazima. Upasuaji hufikiriwa kwa wachache, ile kubwa sana inayobana tumbo au inayoleta maumivu ambayo yamechunguzwa na hayana chanzo kingine. Nasisitiza "yamechunguzwa", kwa sababu maumivu mengi yanayosingiziwa hemanjioma ya sentimita 3 ni vidonda vya tumbo au mawe ya nyongo, na mtu akifanyiwa upasuaji wa ini anaamka na maumivu yake yale yale.

FNH. Ya pili kwa wingi, wanawake tena. Haipasuki kirahisi, haigeuki saratani. Iache.

Vifuko vya maji. Viache. Vikiwa vingi sana, kagua na figo.

Adenoma. Hapa tusimame. Hii ni nadra, lakini ndiyo inayotaka akili. Hutokea zaidi kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa waliotumia vidonge vya uzazi vyenye estrojeni kwa muda mrefu, na wenye uzito mkubwa. Hatari zake ni mbili: kuvuja damu, hasa ikizidi sentimita 5, na kugeuka saratani. Kwa mwanamke, hatua ya kwanza si kisu. Acha vidonge vyenye estrojeni siku hiyo hiyo, punguza uzito kama umezidi, kisha MRI baada ya miezi 6. Nyingi husinyaa. Iliyobaki sentimita 5 au zaidi, au inayoendelea kukua, iende kwa mpasuaji. Kwa mwanamume mambo ni tofauti: adenoma yake hushauriwa iondolewe bila kujali ukubwa, kwa kuwa uwezekano wa kugeuka ni mkubwa zaidi. Kijana unayechoma sindano za misuli, acha leo.

Kina mama wengi huniuliza, "Sasa dada nizuie mimba na nini?" Swali zuri, na mara nyingi linasahaulika mtu anapoambiwa tu "acha vidonge", halafu miezi mitatu baadaye ana mimba, na mimba yenyewe hupandisha estrojeni. Kitanzi cha shaba hakina homoni yoyote na ndicho salama kabisa kwa mwenye adenoma. Sindano na vijiti vina homoni moja tu, si estrojeni, lakini kwa adenoma haviwi chaguo la kwanza; zungumza na mtoa huduma kabla. Ukiwa tayari mjamzito na adenoma iko chini ya sentimita 5, ujauzito kwa kawaida huendelea, ila ultrasaundi ya ini ifanyike kila baada ya wiki 6 hadi 12, na ujifungulie hospitali yenye upasuaji. Ikiwa kubwa zaidi, uonane na mpasuaji na daktari wa uzazi pamoja, kabla ya mimba ikiwezekana.

Halafu kuna kifuko ambacho si uvimbe wa kweli, lakini kwetu kaskazini siwezi kukiruka: kifuko cha minyoo ya mbwa. Kwenye jamii za wafugaji, Longido, Monduli na Ngorongoro, mbwa anakula maini na mapafu ya kondoo yenye vifuko, minyoo inakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi chake na kumfikia mtu kupitia mikono au maji. Miaka mingi baadaye ini lina kifuko kikubwa. Kwenye skrini huonekana vifuko vidogo ndani ya kikubwa, kama mbegu ndani ya tunda, au utando unaoelea. Ukiwa umekulia kwenye boma lenye mbwa na ng'ombe, mwambie anayekupima kabla hajasema "ni maji tu". Tiba yake ni albendazole kwa muda mrefu, au upasuaji, au kunyonya maji kwa utaratibu maalumu wa watu waliofunzwa. Vilivyokufa na kukakamaa huachwa. Na nyumbani, maini mabovu yafukiwe au yachomwe, mbwa wasipewe, na mbwa wapewe dawa ya minyoo.

Hatua ya 5: Usiharakie sindano ya kinyama

Watu wa kwetu wana imani kubwa na kinyama: "wakate kidogo wapime, tujue moja." Kwa ini, mambo hugeuka. Hemanjioma ikitobolewa inaweza kuvuja damu. Kifuko cha minyoo ya mbwa kikitobolewa ovyo, majimaji yake yanaweza kuleta mzio wa kuua na kuisambaza minyoo tumboni. Kwa hiyo utaratibu ni picha yenye dawa kwanza, na kinyama baadaye, pale tu picha zimeshindwa kujibu na jibu litabadilisha matibabu. Ukiambiwa utobolewe kabla ya CT au MRI yoyote, uliza kwa heshima: "Daktari, picha yenye dawa haiwezi kutujibu kwanza?"

Hatua ya 6: Kikao na daktari

Nenda na mtu mmoja wa nyumbani anayeweza kusikiliza na kuandika, si msafara. Uliza mambo haya kwa maneno yako: Uvimbe wangu ni wa aina gani, na una uhakika kiasi gani? Ini langu lililobaki ni zima? Tukiuacha, kinaweza kutokea nini? Nirudi lini, au nisirudi? Na kama ni upasuaji: ni kwa sababu ipi hasa, na atakayefanya amezoea kupasua ini? Ini hujaa damu kuliko viungo vingi; si kazi ya kujifunzia. Wachache hupewa rufaa ya kwenda Muhimbili, na kwa hao safari ina maana.

Kuhusu dawa za miti. Mwaka 2011 nusu ya mtaa wetu ilienda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, na sitamcheka aliyekwenda. Mtu mgonjwa hutafuta. Nasema hili kwa upendo tu: hakuna jani, juisi wala unga unaoyeyusha hemanjioma, na ini ndilo linalochuja kila unachokunywa. Mitishamba mingine huliumiza ini zima, na hapo tunapoteza ile faida kubwa uliyokuwa nayo. Ukitumia kitu, kilete kwenye kikao kikiwa na chupa yake.

Hatua ya 7: Ratiba na bahasha

Hemanjioma iliyothibitishwa na FNH iliyothibitishwa hazina ratiba. Nenda nyumbani. Adenoma ndogo inayosinyaa au kutulia: picha baada ya miezi 6, kisha baada ya mwaka, kisha kila mwaka. Uvimbe ambao jina lake bado halijapatikana, kwenye ini zima, hurudiwa baada ya miezi 3 hadi 6, kwa kipimo kile kile na ikiwezekana mahali pale pale, ili sentimita zilinganishwe kwa haki. Mimi na mwenzangu tukipima uvimbe ule ule siku moja tunaweza kutofautiana kwa milimita mbili tatu. Hiyo haiitwi kukua.

Omba nakala ya picha, kwenye CD au kwenye simu, siyo ripoti peke yake. Ripoti ni maneno ya mtu mmoja wa siku moja. Picha zinaweza kusomwa upya na mwingine. Ziweke kwenye bahasha moja pamoja na majibu ya homa ya ini B na C, usiikunje, na nje yake andika kwa kalamu ya wino: jina lako, tarehe, kipimo gani, uvimbe ulikuwa sentimita ngapi.